Anakumbuka Yote, Basi Afanya Makusudi?

Mke aweza kulalamika hivi: "Mume wangu akumbuka hata deni la jirani. Mbona atamka matusi mbele ya wakwe, na mshahara aumaliza kwa siku mbili? Ni ujeuri!"

Hapo twaweza kukosea. Ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi huanza kwa kusahau. Lakini uko mwingine, ambao Arnold Pick alianza kuueleza huko Prague mwaka 1892, unaoharibu ubongo upande wa mbele na kando. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, watoto wangali shuleni. Mwanzoni mgonjwa aweza kukumbuka vizuri. Kinachokatika ni breki. Husema lolote, hula vitamu bila kiasi, haoni haya wala huruma.

Basi kumbukumbu pekee isimhukumu mwenzi wako. Jiulize: alikuwa hivi tangu ujana, au amegeuka? Aliyekuwa mkorofi tangu arusi ni habari nyingine. Andika uliyoyaona na tarehe zake, umpelekee daktari, kwa maana mwenyewe huenda atasema hana neno.

Na hati ya shamba? Wengine husema kumficha mume ni kumdharau. Mimi naona afadhali ikae kwa kaka yake.