Kilo Ngapi Zinatosha?

Mjomba wangu alizaliwa Koyama, katika visiwa vyetu vya Wabajuni kusini mwa Kismayo. Utotoni alipiga mbizi kutafuta kamba koche kwa pumzi yake tu. Vita vya 1991 vilipomtoa kwao alikimbilia Mombasa, akapata kibarua cha kubeba mitungi ya hewa kwenye boti za watalii. Huko ndiko alikojifunza mkanda wa risasi. Risasi ile madini, si ile iliyotufukuza.

Leo tuko Kakuma, ambapo mto Tarach ni mchanga karibu mwaka mzima, lakini yeye bado ananifundisha kupima uzito. Ingia majini na vifaa vyote, vuta pumzi, tulia bila kupiga miguu. Maji yakikufika machoni, na ukitoa pumzi ukazama polepole, umepatia. Ukizama kama nanga hali kifua kimejaa, punguza. Ukitoa pumzi na bado unaelea, ongeza.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Hewa nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hubeba karibu kilo 3 za hewa, na unavyopumua ndivyo unavyokuwa mwepesi. Aliyevaa risasi chache mno hawezi kutulia mita 5 zile dakika chache za mwisho. Atafyatuka juu, na akiizuia pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo mzito mno yuko hatarini, na mwepesi mno pia.

Mimi nilijua mzito tu. Katika kikundi chetu kuna kijana aliyempoteza baba yake. Siku moja nilimwambia, "Achana na yaliyopita, kaka, utue huo mzigo." Akanijibu, "Nikisahau mimi, nani atamkumbuka baba?" Wiki mbili hakuja.

Nilikosea wapi? Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimesimama ufukweni nikimpimia mtu aliye majini. Kumbukumbu ya baba yake ndiyo iliyomshika asifyatuke. Lakini pia sikubali wale wanaosema eti mkimbizi mwema ni yule anayebeba kila kitu mpaka kufa. Mkanda hufungwa kwa namna ya kufunguka haraka kwa mkono mmoja, na anayeufungua ni yule aliyeuvaa.

Basi sisi wengine kazi yetu ni ipi? Zamani kule Ghuba, wapiga mbizi wa lulu, wakiwemo watu waliouzwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki, walishuka kwa jiwe zito. Likifika chini, mwenzao kwenye chombo alilivuta jiwe juu kwa kamba, akabaki ameshika kamba nyingine akingoja ishara ya kumvuta mtu. Hakumwambia jiwe ni zito au ni jepesi. Alishika kamba tu, asiiache.

Kijana amerudi. Simuulizi tena kama amesahau. Anapotaka kusema juu ya baba yake nakaa nasikiliza, akinyamaza nanyamaza naye. Nawaomba ndugu wa mashirika nao, kabla ya kumtaka mtu asimulie kisa chake mara ya tano, au kumwambia asikitaje tena, wamuulize kwanza yeye anaweza kubeba kiasi gani leo. Kesho uzito wake utakuwa mwingine.