Damu Iliyomwagika Karibu na Mji



Huku kwetu Mumosho kuna neno linalosemwa kila mara vita inapotajwa: "Mambo hayo ni ya wakubwa. Sisi watu wadogo tunahusika wapi?" Neno hilo lina ukweli. Hakuna mkulima wa mihogo wa huku aliyeitwa Kinshasa aulizwe kama vita ianze. Lakini tulipime vizuri, maana laweza kuwa kilio cha mtu aliyeonewa, na laweza pia kuwa blanketi la kujifunika.

Tutazame jirani zetu wa Kamanyola. Ukiacha Nyangezi, ukateremka mlima wa Ngomo, unafika pale ambapo Kongo, Rwanda na Burundi zinakaribiana, na barabara inaingia katika uwanda wa Ruzizi kuelekea Uvira. Ni mji mdogo. Lakini jeshi linalotoka Uvira kutafuta Bukavu, au linalotoka Bukavu kutafuta Uvira, linapita pale. Mwaka 1964, waasi walipokuwa wamekwisha kuchukua Uvira, jeshi la serikali lilipigana nao Kamanyola, na Mobutu aliyekuwa mkuu wa jeshi alikuwapo mwenyewe. Alipokuwa rais, jina hilo akalifanya la utukufu wake. Divisheni ya jeshi iliyofundishwa na watu wa Korea ya Kaskazini iliitwa Kamanyola. Meli yake ya kutembelea mto Kongo iliitwa Kamanyola. Hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, mpaka ulipopewa mwaka 1997 jina la wale wanne walionyongwa wakati wa Pentekoste, tarehe 2 Juni 1966, chini ya utawala wa Mobutu huyo huyo. Jina lilipanda meli. Wenyeji walibaki na barabara ya Ngomo inayoangusha malori.

Je, mji huo ulihusika katika vita ya nchi? Kwa habari ya 1964, na ya 1996, na ya 2025 wakati M23 walipoingia Bukavu na vita ikateremka tena uwandani, mimi nasema mahali hapachagui kuwa njia. Mungu hatauliza mji kwa nini ulijengwa njia panda.

Lakini kuna siku nyingine. Tarehe 15 Septemba 2017, pale Kamanyola, wakimbizi wa Burundi walikusanyika kudai wenzao waliokamatwa. Askari wa Kongo wakapiga risasi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wengi wao walikuwa wafuasi wa nabii mwanamke anayeitwa Zebiya, watu wa sala, waliokuwa wamekimbia nchi yao. Sisi tunaoamini kwamba Mungu anasema hata leo kwa vinywa vya watumishi wake, tusiisome habari hiyo upesi upesi.

Waliopiga ni askari, si wenyeji. Basi wenyeji wafanye nini? Fungueni Kumbukumbu la Torati 21. Maiti imeonekana shambani, muuaji hajulikani. Wazee wanapima ni mji gani ulio karibu zaidi, na wazee wa mji huo wanakuja kuosha mikono mbele za Mungu, wakisema kwamba hawakuimwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona. Angalieni, Mungu hasemi kwamba mji wa karibu umeua. Lakini pia hauruhusu ukae nyumbani. Na aliyeona je? Huyo hawezi kulisema lile neno la pili. Lazima aseme alichokiona.

Halafu soma Obadia. Edomu hawakuianza vita ya Yerusalemu. Walishtakiwa kwa sababu walisimama wakitazama, walifurahi, walichukua mali, na walikaa njia panda wakiwakamata waliokimbia. Katika mambo hayo hakuna hata moja linalohitaji cheo. Yote ni kazi za watu wadogo! Kamanda anayetoka mbali hajui ng'ombe wa nani wako wapi, wala nani alilala kwa nani. Anaonyeshwa.

Mtu atajibu: "Nilionyesha kwa sababu bunduki ilikuwa kichwani." Huyo simhukumu, na asiyewahi kusimama mahali pake anyamaze. Nasema juu ya yule aliyekwenda mwenyewe usiku kumtaja jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nasema pia juu ya yule (nanyi mnajua wako wengi) aliyenunua sokoni kwa bei ya bure manjanja yaliyong'olewa juu ya nyumba ya mtu aliyekimbia. Hakushika bunduki. Hakumpiga mtu. Lakini kama hakuna mnunuzi, mwizi angeyabeba manjanja hayo ya nini?

Sasa mwenye nyumba amerudi, anaishi chini ya hema la plastiki, na kila mvua ikinyesha anasikia manjanja yake yakilia juu ya nyumba ya jirani. Jumapili wote wawili wanakuja ibada. Yule mnunuzi analeta zaka, na wazee wa kanisa wanauliza kama ipokelewe. Mimi naona wasiipokee kwanza. Zakayo alirudisha mara nne, na hakungoja ashtakiwe. Jirani yetu tumwombe arudishe mara moja tu, nasi vijana wa kanisa tuje na ngazi na misumari siku hiyo.