Ulinzi wa Mji ni Juu ya Nani?

Wako wasemao kuwa senema za makauboi wa Marekani ni upuuzi mtupu: farasi, bunduki na vumbi. Sisi twaona si zote. Katika zile za zamani zimo zilizouliza suala linalopasa kila mji kulijibu: akija dhalimu, kumzuia ni wajibu wa nani?

Tuitazame picha iitwayo High Noon, aliyoiongoza Fred Zinnemann mwaka 1952. Will Kane, mkuu wa polisi wa mji mdogo, ameoa asubuhi hiyo na kuacha kazi. Mara ikaja habari kwamba Frank Miller, muuaji aliyemkamata zamani, ameachiwa, naye atafika kwa gari la moshi la saa sita mchana. Wenzake watatu wako stesheni wamngojea. Kane alikuwa na muda wa saa moja na kitu kutafuta wasaidizi.

Hakimu aliyemhukumu Miller alifunga virago akatoroka. Naibu alikataa kwa uchungu wa kunyimwa cheo. Rafiki alimwamuru mkewe aseme kwamba hayupo nyumbani. Kanisani mmoja alilalamika kuwa walipa kodi hawakuajiriwa kupigana. Na mkubwa wa mji, baada ya kumsifu Kane kwa maneno matamu, alisema kuwa damu ikimwagika njiani matajiri wa kaskazini hawataleta mali yao, basi heri Kane aende zake. Waliojitolea hata mwisho ni mlevi mwenye chongo na mtoto wa miaka 14. Kane alipigana, akasaidiwa na mkewe peke yake, mwanamke ambaye madhehebu yake yakataza vita. Alipokwisha kushinda aliivua nyota ya kazi, akaitupa mchangani, akaondoka.

Mwandishi wa kisa hicho, Carl Foreman, aliijua hali hiyo. Mwaka 1951 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akakataa kuwataja wenziwe. Alifungiwa kazi, akahamia Uingereza. Wahenga wetu walisema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Lakini wako waliokataa fundisho hilo. Mwaka 1959 Howard Hawks alilijibu kwa picha ya Rio Bravo, John Wayne akiwa sherifu. Kwa Hawks, mlinzi wa sheria haendi mlango kwa mlango kuomba watu. Sherifu wake awakataa wasaidizi wenye wake na watoto, atosheka na mzee kiwete, mlevi ajitahidiye kuacha ulevi, na kijana hodari wa bunduki. Hoja hii ina nguvu, kwani asiyejua kuogelea akimfuata anayezama, huongeza maiti.

Tena kujitokeza kwa wingi si wema peke yake. Katika The Ox-Bow Incident ya William Wellman, ya mwaka 1943, raia walitoka kwa ghadhabu wakawanyonga watu watatu kwa tuhuma ya kumuua mfuga ng'ombe. Saba tu walitaka wapelekwe mahakamani. Kisha ikajulikana kuwa yule mfugaji yu hai.

Basi haki iko wapi? Wanachuoni wetu wametufundisha fardhi kifaya: ni jambo ambalo wakilitenda wa kutosha, wengine huvuliwa dhima; wasipotosha, dhima yabaki juu ya kila mwenye uwezo. Neno kubwa hapo ni kutosha. Hawks amesema kweli kwamba si kila mtu ni wa kushika silaha. Lakini mtu mmoja mbele ya wanne hatoshi, na Kane mwenyewe aliwaambia. Tena uwezo si bunduki tu. Hakimu aliweza kubaki mahali pake. Rafiki aliweza kufungua mlango. Mkubwa wa mji aliweza kuunyamaza ule uchumi wake kwa saa moja. Na wale saba waliopinga walitimiza neno la haki, ingawa halikuwafaa waliouawa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu wa mji ule waliokoka, lakini dhima yao haikuondoka kwa ushindi wa Kane, kwani hawakujua kama atashinda walipomwacha. Msomaji na ajiulize: lau angalikuwamo kanisani siku ile, angalisema nini?