Umeajiriwa wapi?

SIFA zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, hapa Tunduma vijana wenye shahada hawatafutwi kwa tochi. Wapo wanaoendesha bodaboda, wapo wanaowafuatilia madereva wa malori nyaraka zao kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019, wapo wanaojitolea kufundisha sekondari kwa posho ya nauli. Na wapo waliojifungia ndani wakisubiri tangazo la ajira.

Hivi karibuni, baada ya Isha, mzazi mmoja alinishika mkono nje ya msikiti. Aliuza shamba lake la kahawa kule Mbozi akamsomesha mwanawe. Kijana amerudi na shahada, huu ni mwaka wa tatu, na sasa hata Ijumaa haji. Anaona haya kuulizwa, "Umeajiriwa wapi?"

Nilikosa la kumjibu, kwani nami nilipita humo humo. Nilipomaliza chuo niliuza mitumba, na nikimwona niliyesoma naye nilikuwa nainama nyuma ya meza kama natafuta kitu. Nilikuwa naificha halali! Hilo linaniuma hadi leo.

Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) alikuwa mfanyabiashara Makka, akaingia Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii (r.a.) akataka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu. Akaanza na samli na jibini kavu. Haikupita muda akaoa, na mahari akatoa dhahabu.

Basi shahada isimzuie mtu kwenda sokoni. Lakini si kila cha sokoni ni halali. Msomi anayepitisha magendo kwa njia za panya, au anayempunja dereva mgeni kwenye kwacha zake, elimu yake imemzidishia dhima.

Hata hivyo, tusimlaumu kijana peke yake. Katika kisa hiki wapo watu wawili, nasi tunamsimulia mmoja tu. Tunataka vijana wawe Abdur-Rahman, ila sisi kuwa Saad hatutaki. Mwenye maduka matatu hampi kijana hata kona ya meza. Kamati inamwajiri mwalimu wa madrasa na kumlipa kwa dua. Mzazi anamkataa mposaji kwa kuwa "hana kazi," na huku kijana anauza mchele kila siku.

Wanazuoni wa Kishafi wameeleza kuwa fakiri mwenye ufundi anaweza kupewa katika zaka thamani ya vifaa vya kazi yake, ili asirudi kuomba. Je, zaka zetu zinafanya hivyo, au tunagawa elfu mbili mbili mlangoni, mwakani tukakutana na watu wale wale? Kila kamati iandike majina ya wasomi wake wasio na kazi, na ya wafanyabiashara wake, kisha iwakutanishe baada ya Ijumaa. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Nawe kijana, Ijumaa njoo. Atakayekuuliza umeajiriwa wapi, mwambie unachouza. Kama bado hujaanza, mwambie akuonyeshe soko. Nasi wakubwa tujiandae kumjibu.

Wabillahi tawfiiq.