Nauli ya Kabwela ni Amana

Je, mtu akiuza ndoto kwa bei ambayo haimtoshi hata yeye mwenyewe kuiendesha, anatenda wema au anatenda ubaya? Ndugu msomaji, usidhani swali hili ni la wachumi wenye suti tu, wale wanaokutana kwenye kumbi za AICC. Ni swali la kila mtu aliyewahi kuhesabu noti zilizokunjamana na kumkabidhi mwenzake leo, akitegemea kupewa kitu kesho. Kwa hiyo linatuhusu sote, makabwela na vigogo, japo vigogo hulisikia kwa mbali.

Nitalizungumza kwa mfano wa ndege. Kwa nini ndege? Kwa sababu sisi wa Arusha tunaishi chini ya ndege. Simama Kikatiti jioni utaziona zikishuka kuelekea KIA, uwanja uliofunguliwa mwaka 1971, zikiwa zimebeba watalii kutoka Amsterdam na Doha wanaokuja kulipia milima ambayo sisi tunaitazama bure. Mtoto wa Kikatiti anaijua ndege kabla hajajua kusoma. Ila anaijua upande wa tumbo tu.

Tuanze nyuma kidogo, maana habari hii ina babu yake hapa hapa Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakunyamaza. Walichanga, shilingi kwa shilingi, ikapatikana fedha ya kumpeleka Kirilo Japhet hadi New York. Mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, kesi ile akiisukuma pamoja na mwanasheria Earle Seaton, akaeleza jinsi watu wake walivyotendewa. Hebu fikiria! Safari moja ya mtu mmoja, na watu wa mlima mzima wanachanga. Tena, pamoja na yote, Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao wakati ule. Weka jambo hili akilini, nitalirudia.

Miaka 25 baadaye, kule London, akatokea mfanyabiashara aliyesema safari kama ile si lazima ichangiwe na mlima mzima. Jina lake Freddie Laker. Tarehe 26 Septemba 1977 ndege yake ya kwanza ya Skytrain ilitoka Gatwick kwenda New York kwa nauli ya pauni 59. Hakuna kuweka nafasi miezi mitatu kabla. Unakwenda, unapanga foleni kama ya basi la stendi kuu, unalipa, unapanda. Ukitaka chakula, nunua au beba chako. Mashirika makubwa yalikuwa yamezoea kutoza mara nyingi zaidi ya hapo, na Laker alikuwa amepigana kwa miaka sita kuanzia 1971, ofisini na mahakamani, kabla ya kuruhusiwa kuruka.

Angalia mwaka huo, 1977. Wakati Waingereza wa kawaida wanafunguliwa anga, sisi huku tunafungiwa hata barabara. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Arusha, ilivunjika mwaka huo huo. Shirika letu la pamoja, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, likafa. Mpaka wa Namanga ukafungwa, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Wengine wanakwenda New York kwa pauni 59, sisi hata Nairobi haiendeki!

Lakini Laker naye hakudumu. Alikopa dola kununua ndege, ilhali sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa pauni, na pauni ikaporomoka. Kisha wakubwa wakashusha nauli zao zikalingana na zake. Wao walikuwa na akiba ya kuwavusha kipindi cha hasara, yeye hakuwa nayo. Tarehe 5 Februari 1982 akafunga. Abiria wapatao 6,000 wakakwama. Ajabu ni kwamba watu wa kawaida walianza kumchangia, na baadhi yao ni watoto waliotoa fedha zao za pipi. Mwaka 1985 mashirika yaliyodaiwa kula njama za kumwangusha yalikubali kulipa dola milioni 48 ili kesi iishe. Lakini kampuni ilikwisha kufa.

Sasa hadithi hiyo hiyo ikaja kutua KIA. Tarehe 29 Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Hii haikuwa safari ya kuvuka bahari, ni ya saa moja na ushei. Lakini kwa mtu ambaye maisha yake yote Dar ilikuwa ni zaidi ya kilomita 600 za basi, kutwa nzima, Moshi, Same, Korogwe, Chalinze, miguu imevimba na kuku wa jirani anakudonoa, saa moja ile ilikuwa New York yake. Ghafla ukawaona KIA watu ambao hawakuwahi kuonekana pale ila kwa kusindikiza. Akina mama wa vitenge. Wanafunzi wa chuo. Machalii wa Ngarenaro wanaokwenda Kariakoo kufuata mzigo. Mtoto wa Kikatiti akaiona ndege upande wa ndani.

Kampuni ile ilikuwa na ndoto ndefu. Oktoba 2013 ikaanza kwenda Johannesburg, kisha ikafuata miji mingine, Lusaka, Harare, Entebbe. Ilitaka kuwa ndege ya bei nafuu ya Afrika nzima. Lakini Afrika nzima ni mipaka, na kila mpaka una ofisi, na kila ofisi ina muhuri wake. Halafu yakaja yale yale ya Laker. Gharama kubwa za ndege hulipwa kwa dola, tiketi nyingi zinauzwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,700, na kabla mwaka haujafika nusu ikawa imepita 2,000. Ndege zile za viti 156 hazikujaa kila siku. Ikabidi zirudishwe, zikaja ndogo zaidi. Mwaka 2016 serikali nayo ikaanza kulifufua shirika lake, Air Tanzania, kwa ndege mpya. Kufikia Disemba 2018 kampuni mama ilikuwa imejitoa, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatangaza kusudio la kuifutia leseni Fastjet Tanzania kwa sababu ya madeni na hali yake ya kifedha. Safari zikafutwa.

Disemba! Wewe wa Kaskazini unajua maana ya Disemba. Ndiyo mwezi ambao Dar inahamia Moshi na Arusha. Ndiyo mwezi ambao mtu aliyedunduliza tangu Agosti anataka kula Krismasi na mama yake.

Basi hapo kijiweni kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema: "Wale walikuwa matapeli tu. Bei ile haikuwa bei, ilikuwa chambo." Kambi ya pili inasema: "Acheni hizo, wale walikuwa mashujaa. Walitupandisha ndege, wakaangushwa na wakubwa na mihuri." Mimi nadhani kambi zote mbili zinaikimbia hoja.

Kambi ya kwanza nawajibu hivi. Bei ya chini si uongo kwa sababu tu ni ya chini. Abiria aliyelipa 32,000 zake akafika Dar salama hakutapeliwa. Alipewa alichoahidiwa. Na hata wakubwa walilazimika kujifunza: nauli ikishaonekana inaweza kushuka, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba ni Mungu aliyeipandisha. Kambi ya pili nao nawauliza: shujaa wenu alipoanguka, aliangukia nani? Laker mwenyewe, baada ya kesi, alipata fungu lake. Aliyekopesha ndege alichukua ndege yake. Na yule aliyekuwa ameshika karatasi ya tiketi ya siku ambayo haikufika, ameshika nini?

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Watu wengi hudhani tiketi ya bei rahisi ni ahadi nyepesi. Eti umelipa kidogo, usilalamike sana. Mimi naona ni kinyume kabisa. Tiketi ya bei rahisi ndiyo ahadi nzito kuliko zote, kwa sababu aliyeinunua hana nyingine. Kigogo akifutiwa safari, atakunja uso, atatoa kadi, atanunua tiketi mahali pengine, na jioni atakuwa anakunywa bia Dar. Kabwela akifutiwa safari, imefutwa mazishi ya baba, usaili wa kazi, siku ya hospitali. Shilingi 32,000 za huyu na 32,000 za yule zimeandikwa namba moja, lakini hazina uzito mmoja. Kwa hiyo anayewauzia maskini anatakiwa awe mwangalifu kuliko anayewauzia matajiri.

Najua utanipinga, na una haki. Utasema: "Mwandishi, ukidai kila anayetaka kumhudumia kabwela awe imara kama mwamba, hakuna atakayekuja. Matajiri wataendelea kuruka, sisi tutabaki kulitazama tumbo." Hoja hii ina nguvu. Kama Laker angesubiri hadi awe na uhakika, asingeruka. Ningekuwa nahukumu kuanguka tu, ningewahukumu wote wanaothubutu, na nchi ya wasiothubutu ni makaburi.

Lakini mimi sihukumu kuanguka. Mrudie Kirilo Japhet. Aliporudi kutoka New York, ardhi hakuja nayo. Kwa mahesabu ya faida na hasara, safari ile ilishindwa. Je, Wameru waliibiwa? Hapana! Fedha waliyochanga ilikuwa ya kupeleka sauti yao, na sauti ilifika. Walijua wanachonunua, walijua kwamba wanaweza kushindwa, na kila senti ilikwenda ilikotumwa. Ile ilikuwa amana, na amana ilitunzwa. Kumbe basi mtu anaweza kushindwa bila kumdhulumu mtu yeyote, na anaweza kushinda huku amedhulumu.

Neno ni hilo: amana. Mama zetu sokoni Kilombero wanalijua kuliko wachumi. Katika upatu, kijumbe anayeshika fedha za wenzake hawezi kusema "biashara yangu ya nyanya imeharibika, samahani." Nyanya ni zake, fedha si zake. Hajaipata ile fedha, ameshikishwa tu. Sasa nauli iliyolipwa kabla ndege haijaruka ni kitu gani, kama si fedha ya upatu? Kwa haki bado ni ya abiria mpaka gurudumu liguse ardhi ya kule anakokwenda. Kampuni inayoichukua nauli ya Disemba ikalipia mafuta ya Septemba imekopa kwa mtu ambaye hajui kwamba amekopesha. Na hili haliko Tanzania tu, ndivyo mashirika mengi ya ndege duniani yanavyoishi. Waingereza walishtuka mapema kidogo, tangu miaka ya 1970 wakaweka utaratibu wa kukinga fedha za wanaonunua safari za likizo zilizofungwa pamoja na hoteli. Kwa hiyo inawezekana. Hata sisi tunaweza kudai nauli ikae mahali pasipoguswa hadi safari ifanyike. Nauli itapanda kidogo, ndiyo. Lakini itakuwa bei ya kweli.

Na usinijibu kwamba dawa ni shirika la serikali pekee. Ripoti za CAG zimeonyesha hasara za shirika letu la ndege katika miaka kadhaa. Hasara hiyo inalipwa na nani? Inalipwa pia na bibi wa Engare Nanyuki anayekatwa kodi kwenye sabuni, ambaye hajapanda ndege na huenda hatapanda. Huenda kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Lakini naye aambiwe, kama Wameru wa 1952 walivyoambiwa fedha yao inakwenda wapi. Kuchangishwa gizani si kuchanga.

Wenzangu vijana, wengi wetu tunaota kuanzisha vitu: kikundi cha maigizo, duka la vitabu, gazeti kama hili. Hatuna mtaji, kwa hiyo tutaanza kwa fedha za watu wanaotuamini, na wanaotuamini ni makabwela wenzetu. Tutangaze bei ya chini, sawa, maana bila hiyo watabaki nje. Tuthubutu, na tukianguka tuanguke. Lakini kabla ya kupokea noti ya kwanza, tuwe tumekwisha kujibu: siku nikianguka, noti hii itakuwa wapi? Asiye na jibu asinyooshe mkono.