Haki ya Mbali na Haki ya Jirani

Mara nyingi huulizwa: mbunge asiye waziri, asiye na wizara wala wingi wa kura, husema kwa faida gani? Sisi twaona lipo swali lililo zito zaidi. Je, mwenye kutetea haki ya watu wa mbali awajibika pia kutetea haki ya jirani yake?

Na tumtazame Fenner Brockway, mjumbe wa Eton na Slough katika Bunge la Makabwela la Uingereza tangu 1950 hata 1964. Huyu alikwisha kufungwa gerezani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kukataa kushika silaha. Bungeni aliwasumbua mawaziri kwa maswali juu ya Kenya na makoloni mengine, hata akabandikwa jina la mjumbe wa Afrika.

Jina hilo lisitupofushe. Kulaani dhuluma iliyo zaidi ya maili 4,000 hakumgharimu msemaji sana. Gharama huanza mlangoni pake. Kati ya 1956 na 1964 Brockway alileta mara tisa muswada wa kukataza ubaguzi wa rangi katika Uingereza yenyewe, na mara zote tisa haukupita. Wakati huo jimbo lake la Slough lilikuwa likipokea wahamiaji, na wako wenyeji walionung'unika. Katika uchaguzi wa 1964 chama chake cha Labour kilishinda nchini. Yeye alishindwa kwa kura 11.

Sasa tumweke kando yake Enoch Powell wa chama cha Conservative. Machi 1959 watu 11 waliowekwa kizuizini walipigwa hata wakafa katika kambi ya Hola, Kenya, na serikali ya koloni ikadai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Julai mwaka huo Powell, wakati huo hana uwaziri, aliikabili serikali ya chama chake mwenyewe, akakataa kwamba Mwingereza aweza kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine Afrika. Hotuba ile ilikuwa ya kweli, wala hatuoni sababu ya kuikana kwa ajili ya yaliyofuata.

Yaliyofuata ni haya: Aprili 1968, mjini Birmingham, mtu huyo huyo aliwanena wahamiaji weusi kana kwamba ni maafa. Watetezi wake husema kila taifa lina haki ya kuchagua wa kuingia. Na iwe hivyo. Lakini wengi wa walionenwa walikwisha kuingia, wakafanya kazi, wakazaa watoto huko huko.

Sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi ilipita 1965, Brockway akiwa hayumo tena miongoni mwa Makabwela. Ilihusu mahali pa watu wote, kama hoteli na mikahawa, ikaacha nyumba na ajira. Hayo mawili yalitiwa katika muswada wa 1968, nao ndio muswada alioupinga Powell siku ile ya Birmingham.