JE, NYOTA INAWEZA KUKUPA UNACHOOMBA?

Usiitupe karatasi hii. Ni fupi, isome.

Kule Italia, kila tarehe 10 Agosti, katikati ya joto lao, watu wanabeba mablanketi wanakwenda ufukweni na vilimani, wanalala chali. Wanangoja nyota zianguke! Ikipita moja, mtu anaomba kimoyomoyo: nipate mchumba, nifaulu, nipone. Wanaziita machozi ya Mtakatifu Lorenzo.

Je, ni nyota kweli? HAPANA! Nyota moja tu ingetuangukia, nani angebaki? Hivyo ni vimondo, yaani vumbi. Iko nyota yenye mkia iitwayo Swift-Tuttle, iligunduliwa mwaka 1862. Inapopita karibu na jua inamwaga vumbi njiani, kama lori la mchanga lisilo na turubai. Kila Agosti dunia yetu inakatiza njia ile, na punje zinaingia kwa mwendo wa kilometa 59 kwa SEKUNDE MOJA, zinaungua hukohuko juu. Aliyeonyesha jambo hili mwaka 1866 ni Mtaliano mwenzao, Giovanni Schiaparelli. Lakini bado wanaomba!

Siwacheki. Hata kwetu wapo wanaosema kimondo kikipita, eti mkubwa fulani amekufa. Anayeliomba vumbi ana shida ya kweli moyoni. Ila hebu fikiri, ndugu yangu: punje imeshaungua kabla hujamaliza kusema "naomba". Umemwambia nani?

Na huyo Lorenzo mwenyewe? Alikuwa shemasi huko Roma, akauawa mwaka 258, siku za Kaisari Valeriano. Inasimuliwa kwamba wakuu walimdai hazina ya kanisa. Akawakusanya maskini, vilema na vipofu, akasema: hazina ndiyo hii. Wewe unayengoja nyota ikupe, jirani yako leo amekula?

Kutazama si dhambi, tazama! Vinazidi usiku wa tarehe 12 kuamkia 13. Huku kwetu vinaonekana vichache kuliko Italia, maana vinatokea chini upande wa kaskazini. Amka saa nane usiku, mahali pasipo taa. Swift-Tuttle yenyewe ilipita mwaka 1992, itarudi 2126, na mimi na wewe tutakuwa kaburini. Basi shida yako mwambie Yeye aliyeliumba vumbi lile, usiku huohuo. Na yule jirani mgongee mlango, mkae mkeka mmoja.